Kadi Niliyoigusa Mwenyewe

Tata Tshinyama alivua kofia mbele ya picha ya marehemu, akaomba msamaha kwa kosa nililolitenda mimi. Ilikuwa asubuhi, siku ya pili ya kilio cha Mama Godelive, katika nyumba yake ya Manika, hapa Kolwezi. Turubai lilikuwa limefungwa uani, wanaume wamekaa chini yake kwenye viti vya plastiki, na sisi wanawake tumejaa sebuleni, kwenye mikeka. Picha ilikuwa imewekwa juu ya meza ileile iliyokuwa ya kompyuta. Nyuma yake, ukutani, bado lilikuwepo tundu dogo nililolitoboa mwenyewe zamani ili kupitisha kebo ya antena. Mgeni sikumtambua mara moja. Niliona mzee mrefu, koti limempwaya, viatu vimepakwa rangi upya. Aliposema ndipo nilipoijua sauti. "Mama Godelive, mi ni Tshinyama, ule refoulé, mwenye walifukuzaka Angola, wa mu annexe. Ulinipatiaka bukari miezi tano, na mi nikakuharibishia machine. Juu yangu haukuona mutoto wa Solange siku ya kwanza. Nimekuya kulomba pardon." Wanawake wakaitikia, "Aksanti, tata," na mmoja akasema huyo ndiye mtu mwenye adabu, wengine hukaa na makosa yao mpaka kaburini. Nikainamisha kichwa na kulia. Walionizunguka walidhani namlilia marehemu tu.

Mwaka ule wa kompyuta, zamani sasa, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na cheti cha informatique, masomo ya kompyuta, kutoka Lubumbashi ambacho wino wake ulikuwa haujakauka. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka. Tanuri ndogo za wageni zilizimwa moja baada ya nyingine, wenyewe wakaondoka bila kuaga, na sisi tuliokuwa tumeajiriwa juzi tukaambiwa getini tusirudi kesho. Mama Godelive, mshonaji wa nguo, mjane, alinipa chumba kwa sababu moja: binti yake Solange alikuwa amemletea kompyuta na printa yake kutoka Ubelgiji, akamlipia na intaneti ya nyumbani, na hakuna aliyejua kuiendesha. Mtaa mzima ulianza kuniita Ingénieur. Wengine kwa heshima, wengine kwa dhihaka, kwa kuwa nilikuwa msichana, na wanaume waliokuja kusoma habari za mpira walipenda kusimama nyuma ya kiti changu wakinielekeza pa kubonyeza. Niliapa moyoni kwamba hakuna hata mmoja wao atakayeniona nimekosea. Nalitaja hili si kwa kujitetea. Najua tu kwamba ndipo mambo yote yalipoanzia.

Ilikuwa nyumba ya matofali ya wafanyakazi wa mgodi wa zamani, vyumba vitatu na annexe ya chumba kimoja nyuma, karibu na mbabula, jiko ambalo tulipikia kwa makaa. Tulikula bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa barafu, tomsoni, mambo yakiwa mazuri, na mwaka ule hayakuwa mazuri mara nyingi. Cherehani ilikaa dirishani, kompyuta pembeni, na barazani jirani zetu wawili, Mama Béa na Mama Jolie, walikaa kuchambua sombe na kuchambua watu. Kwao ndiko nilikosikia habari za wanaofukuzwa Angola, namna walivyokuwa wakifika Dilolo, mpakani, kwa malori na kwa miguu, wengine wamevaa malapa, wengine hawana hata hayo. "Batu banafukuzwa kule, alafu banakuya kukaa kwetu kwenye hatuna kazi," alisema Mama Béa. Mama Godelive, mdomoni ameshika pini, alijibu kwamba mtu akifukuzwa lazima akae mahali fulani. Wiki hiyohiyo akampa Tata Tshinyama annexe. Alikuwa mtu wa Dilolo aliyeishi Angola miaka mingi, akaoa huko. Askari walimkamata barabarani na kumpakia lorini, na hakuwahi kumwambia mkewe, Luisa, wala binti yao Ana, kwamba anaondoka. Alichovuka nacho mpaka kilikuwa flashi ndogo iliyofungwa kwa uzi shingoni, yenye picha za hao wawili. Kila siku baada ya chakula cha mchana, Mama Godelive alimpa nusu saa kwenye kompyuta. Huko Dilolo alikuwepo Sista mmoja wa misheni aliyeandika majina ya watu waliotengana mpakani, na Tata Tshinyama alimpelekea barua pepe na picha, naye alijibu kwamba bado, aendelee kungoja.

Sasa nije kwenye kadi. Fundi aliyefunga antena juu ya bati aliniachia agizo moja tu: mpangilio wa kadi ya mtandao, ile iliyo ndani ya kompyuta, ubaki otomatiki, nisiuguse. Alipoondoka niliugusa. Shuleni nilikuwa nimefundishwa kwamba duplex kamili, yaani mashine mbili kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, ni bora kuliko nusu duplex, ambapo zinapokezana zamu. Kwa nini basi niiachie kompyuta ichague, wakati mimi mwenye cheti najua kilicho bora? Nikaweka duplex kamili kwa mkono wangu, nikahisi nimewazidi wanaume wote wa Manika. Sikujua kwamba modemu, kile kisanduku kilichounganisha kompyuta na antena, ilikuwa bado kwenye otomatiki. Ilijaribu kukubaliana na kadi, ikakosa jibu, ikaamua yenyewe kufuata nusu duplex. Kuanzia hapo kadi iliongea wakati wowote ilipotaka, na modemu ilingoja zamu yake, na kila zilipokutana katikati modemu ilihesabu ni mgongano, ikatupa kilichokuwa njiani. Barua fupi zilipita vizuri. Picha na simu ya video zilikwama. Jambo lililonipoteza ni siku: niliigusa kadi wiki ileile ambayo Tata Tshinyama alikalia kile kiti kwa mara ya kwanza, hivyo ubovu ulionekana kama umekuja naye.

Kila Jumapili baada ya misa, nyumba ilijiandaa kwa simu ya Solange kana kwamba anakuja mwenyewe. Mama Godelive alivaa kikwembe kipya, alipaka mafuta usoni, akapanga viti kwa safu, na majirani waliingia wakisalimia skrini hata kabla haijawaka. Solange alitokea, akasema "Mama, unanisikia?" kisha uso wake ukaganda, mdomo wazi, sauti ikikatika vipande. Nilibadilisha kebo. Nilizima modemu na kuiwasha mara ishirini. Nilipanda juu ya bati na kitambaa, nikaifuta antena mbele ya watu waliokuwa wakicheka chini. Nilimpigia fundi, akasema kwake kila kitu kiko sawa, na akauliza kama nimegusa kadi. Nikamwambia hapana. Lilitoka haraka hivyo, na baada ya kulisema sikuweza tena kwenda kuiangalia hiyo kadi, kwa sababu kuiangalia kungekuwa kukubali kwamba nimedanganya.

Siku moja, wakati wa zamu yake, nilimkuta Tata Tshinyama ameinama kutazama modemu, siyo skrini. Zamani, kabla ya kwenda Angola, alikuwa mwendesha phonie wa msafirishaji mmoja wa Dilolo, ile redio ambayo watu hubonyeza kitufe kusema na kukiachia kusikiliza. "Ingénieur," akaniambia kwa upole, "angalia hii taa. Naona ni sawa batu mbili ku phonie. Moya anafinya bouton, anasema, na mwenzake naye anafinya, anasema. Hakuna mwenye anasikia. Pengine hii ma-machine mbili habakuelewana nani anangoya." Alikuwa ameueleza ugonjwa wote, mtu ambaye hakuwahi kusikia neno kadi ya mtandao. Barazani Mama Jolie alikuwa akisikiliza, na nyuma yangu alikuwepo kijana mmoja wa habari za mpira. Nikacheka kwa sauti. "Tata, hii haiko phonie ya Dilolo. Hii ni informatique." Kijana naye akacheka, na Mama Jolie. Tata Tshinyama alitabasamu, akasema, "Ah bon, pardon, Ingénieur," akarudi kuandika barua yake kwa vidole viwili.

Kisha Solange akajifungua. Jumapili ya kwanza baada ya hapo, sebule ilijaa mpaka mlangoni. Mama Godelive alikuwa amenunua hata fanta za wageni. Solange akatokea, akainua kitu kilichofungwa kitambaa cheupe, na papo hapo picha ikaganda kwenye kitambaa. Tulikaa tukitazama kitambaa. Mama Godelive aliendelea kupunga mkono na kusema "Bebe, bebe wa koko," akijiita koko, yaani bibi, kwa sababu alidhani labda upande wa pili wanamwona, na mimi nilijua hawamwoni. Laini ilipokatika kabisa, hakuna aliyenyanyua fanta yake. Mama Godelive aligeuka kunitazama, jasho limeharibu mafuta ya uso wake. "Ingénieur, ni nini? Sema tu ukweli." Watu wote wakanitazama. Nikasema ni virusi. Nikasema vimetoka kwenye flashi ya Tata Tshinyama, ni virusi vya Angola, na kwamba picha anazozituma kila siku zinaziba laini hata akiwa ameondoka. Ile flashi nilikuwa nimeichunguza mara tatu na haikuwa na kitu ila mwanamke anayecheka na msichana aliyeshika kuku. Tata Tshinyama alikuwa amesimama mlangoni, kwa kuwa viti vilikuwa vimekwisha. Alishika ile flashi shingoni kwa mkono, akaiangalia.

Mengine sikuyafanya mimi, lakini mlango niliufungua mimi. Mama Béa alisema alijua tangu mwanzo, hao waliofukuzwa wanakuja na mikosi yao. Solange akapiga simu ya kawaida, akapiga kelele hata sisi tuliokaa mbali tukasikia: hakutuma kompyuta ili watu wa barabarani waichezee, na mama yake anaishi na mtu asiyemjua, itakuwaje siku moja? Mama Godelive alishona wiki nzima, cherehani yake ikienda na kusimama, kwenda na kusimama. Ijumaa alichinja kuku. Kwake hakuna mgeni aliyetolewa nyumbani na njaa, na sote tulioketi mezani tulielewa maana ya yule kuku, pamoja na Tata Tshinyama. Alipewa paja. Alikula polepole, akamaliza, akanawa, akasema, "Mama, nimesikia. Kesho asubuhi nitaenda Mutoshi, kuko ndugu mwenye anachimbaka." Mama Godelive alijifuta macho kwa kona ya kikwembe akisema ni moshi wa mbabula. Mimi nilitazama mifupa kwenye sahani yangu. Jumamosi, begi begani, alinijia mimi na siyo mama mwenye nyumba. "Ingénieur, nakulomba kintu moya tu. Barua ya Sista ikifika, unichungie. Nitapita siku ya soko." Simu hakuwa nayo, ilibaki kwa askari. Nikamwahidi.

Saa mbili baadaye, niko peke yangu sebuleni, nikafungua mpangilio wa kadi. Sikuwa na sababu ya kungoja tena. Niliona pale nilipoandika kwa mkono wangu, nikasikia ile sauti ya upole ikisema hakuna mwenye anasikia, nikabadilisha ikawa otomatiki. Ilichukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu. Modemu ikazima taa, ikaziwasha, na video ya kwanza niliyofungua ikaenda bila kusimama. Jumapili Solange alitokea mzima mzima, akatuonyesha mtoto, vidole, kisigino, miayo yake. Mama Godelive alipiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakaingia. "Munaona!" akapaza sauti Mama Béa. "Ule tata alienda jana, na leo connexion inakimbia! Mi nilisema nini?" Wakanibeba mimi pia kwa sifa, Ingénieur ameua virusi. Nikasema asante. Hakuna neno nililowahi kulitamka linalonichoma kama hilo asante.

Jumatatu barua ya Sista ilifika. Luisa na Ana walikuwa wamevuka kumtafuta, walikuwa misheni Dilolo, wazima. Lakini wenye karatasi za Angola wangerudishwa ng'ambo Alhamisi, kwa hiyo aje upesi, aje kabla ya Alhamisi. Kutoka Kolwezi lori la Dilolo lilichukua siku mbili. Mutoshi ni karibu, kwa taxi-moto unafika kabla jasho halijakutoka. Nilisimama kwenda kumwita, nikakaa tena. Nilijua angeniomba arudi nyumbani amjibu Sista, nilijua Mama Godelive asingeweza kumkatalia jambo kama hilo, na angeketi kwenye kile kiti, flashi yake ndani ya kompyuta, mbele ya Mama Béa na wote, na laini ingeendelea kukimbia, wote waone kwamba haikuwa flashi. Hicho tu ndicho nilichokiogopa. Nikajiambia atapita siku ya soko, Jumatano. Jumatano hakupita. Leo naelewa kwamba mtu aliyetolewa mahali kwa kuku hawezi kurudi kugonga mlango baada ya siku nne, lakini siku ile niliona afadhali, hata nikamkasirikia, mbona haji. Alhamisi, tukila, Mama Godelive aliuliza, "Ule tata, Sista alimujibu?" Nikasema bado. Nikanywa maji.

Ijumaa nilikwenda. Nilimkuta kando ya maji, suruali imekunjwa magotini, akiosha mawe ya madini pamoja na vijana walioweza kuwa wanawe. Nilimwambia barua imefika asubuhi ileile. Sikuwa nimeichapa, kwa kuwa karatasi ya printa ingetoka na tarehe ambayo barua ilifika. Nilikuwa nimeinakili kwa kalamu, na pale Sista alipotaja Alhamisi niliruka mstari, nikaandika tu "aje upesi". Alifuta mikono kwenye shati, akasoma, akasoma tena, akaketi chini katika matope. Kisha akainuka na kunishika mikono yote miwili. "Mungu akubariki, Ingénieur. Uko mutoto muzuri." Alinilazimisha kunywa munkoyo wake, kinywaji cha mahindi, chupa yote, kwa kuwa nilikuwa nimekuja kwa ajili yake. Nikainywa. Jioni hiyo alipata lori. Baadaye tulisikia kwa dereva kwamba alifika misheni akakuta vitanda vimekunjwa.

Nimekuwa na kazi nzuri tangu hapo. Nimewafundisha vijana wengi wa Kolwezi kufunga mitandao, na wote nimewaeleza duplex kwa mfano wa phonie, watu wawili wamefinya bouton pamoja, hakuna anayesikia. Wanasema nafundisha vizuri, mfano wangu hausahauliki. Sijawahi kumwambia hata mmoja nimeutoa wapi. Kwa Mama Godelive nilikwenda kila Krismasi, na kila Krismasi nilikuwa nimejiandaa kusema, na alinipokea kwa furaha kiasi kwamba nilimwachia keki na kuondoka. Sasa nimechelewa kwake.

Basi juzi, baada ya ile pardon yake, nilimfuata Tata Tshinyama nyuma ya nyumba, alikosimama akitazama annexe. Alinitambua, akafurahi. Nilimuuliza habari za Luisa. Alinieleza bila kulalamika: alimpata baada ya miaka sita, ameolewa na mtu mwingine huko Luena, watoto wawili, alidhani mumewe amekufa kwani hakuja misheni. Ana ni mwanamke mzima sasa, humpigia simu sikukuu, lakini Kireno chake ni kingi na cha baba yake kimepungua, kwa hiyo huwa hawasemi mengi. Hapo nikaanza. Nilimwambia habari ya kadi, agizo la fundi, virusi ambavyo havikuwepo. Nilimwambia alikuwa amepatia, siku ileile ya phonie, na kwamba nilitengeneza kwa maneno yake saa mbili baada ya yeye kuondoka, na kwamba pardon aliyoiomba mbele ya watu ilikuwa yangu. Nilisema kila kitu mpaka hapo, na hapo nikasimama.

Alingoja kama alivyozoea zamani kwenye phonie, mpaka awe na hakika kwamba mwenzake amekiachia kitufe. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo, mwandiko wangu bado unasomeka.

"Ingénieur," akasema, "printa ilikuwa pale ku meza. Miaka yote najiulizaka sababu gani uliandika na mukono. Hii barua ilifika siku gani?"

Ndani wanawake walikuwa wameanza wimbo mwingine. Nilingoja waumalize ubeti, kisha nikamwambia ni Jumatatu.